Mtu Aliyekuja na Kufuli

Siku hiyo ilikuwa Jumatano tangu Jumatatu. Kwetu kilimani siku haziondoki mpaka zichoke kukaa, na hiyo ilikuwa haijachoka. Ilikuwa imejilaza juu ya paa la shule kama paka, inatutazama. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nje ya dirisha la darasa, sufuria ya uji kati ya miguu, nafanya kazi niliyoizoea kuliko zote, yaani kuchungulia.

Nikuambie kwanza habari ya kizingiti, maana usipokijua kizingiti hutaelewa lolote. Shule yetu ina darasa moja, mlango mmoja, dirisha moja. Ukivuka kizingiti cha ule mlango, mwili wako unarudi kwenye umri uliokuwa nao siku ulipouliza kwa mara ya mwisho jambo ulilotaka kulijua kwa dhati. Sisemi swali la kumtega mtu. Sisemi lile la "hivi unanijua mimi ni nani?" Nasema swali lenyewe, linalokufanya usahau kwamba una njaa. Kama uliuliza jana, unaingia ulivyo na kutoka ulivyo. Kama mara ya mwisho ulikuwa na miaka kumi na miwili, basi unaingia na ndevu, ukifika kwenye dawati huna. Ukitoka, umri wako unakungoja pale mlangoni kama viatu. Unauvaa, unakwenda zako.

Watoto hawabadiliki. Wao wanauliza hata wakiwa usingizini. Sisi watu wazima ndio tunaoaibika, na ndiyo sababu kamati ya shule yetu ina tenga la kaptula. Kaptula za kila kimo, zimefuliwa na kupigwa pasi, kwa ajili ya watu wanaokuja kuomba kazi ya ukuu wa shule. Maana mkuu wa shule yetu hatakiwi kitu kingine. Avuke kizingiti, abaki alivyo. Basi. Halafu kila asubuhi, watoto wakiwa mstarini, asimame mbele yao aseme jambo moja asilolijua, nao washinde nalo kutwa, wakilivutavuta kama watoto wa mbwa na kiatu.

Mkuu wetu wa zamani, Mwalimu Sekiete, alikuwapo tangu mimi nina meno yote. Alikuwa akiingia mzee, anatoka mzee, mpaka asubuhi moja akaingia na watoto wakanyamaza. Nilichungulia. Pale mbele alisimama kijana wa masharubu ya kuchipua, kanzu ya Mwalimu Sekiete inampwaya. Akajitazama mikono. Akacheka, akatoka nje, uzee wake ukamrudia begani.

"Bibi Mashavu," akaniambia, "nimekwisha. Nadhani nimeshajua kila kitu cha humu."

"Pole sana."

"Nakwenda kutafuta."

"Kutafuta nini?"

Akachangamka. "Ala! Hilo nalo si swali?"

"Hilo ni langu," nikamwambia. "Tafuta lako."

Akaweka kengele ya mkono juu ya ukingo wa dirisha, pembeni ya vikombe vyangu. Ni kengele ya shaba, nzuri kwa kuitazama, lakini ulimi wake, kile kichuma cha ndani kinachogonga, ulidondoka miaka mingi iliyopita na hakuna aliyeuona. Huwa tunaigonga kwa mwiko. Akashuka kilima akipiga mluzi. Sijui alifika wapi. Wako wanaosema walimkuta anatambaa, lakini watu wa huko chini hupenda kuongeza chumvi.

Tukabaki bila mkuu.

Sasa, chini kabisa, mahali ambapo macho yanafika ila miguu inakataa, kuna Mji wa Mihuri. Huko ndiko zinakotoka amri. Amri yao kuhusu shule ni fupi: shule isiyo na mkuu, kivuli cha mlingoti wa bendera kikishagusa geti, ifungwe kufuli. Na shule iliyofungwa na Mji wa Mihuri haifunguki. Tunaziona kutoka hapa juu, zimetapakaa bondeni, mapaa yao yameinama kama kuku walioatamia mayai mabovu. Nje ya nyua zao wamesimama watu. Zamani walikuwa watoto waliofika asubuhi wakakuta kufuli. Wamekua palepale, wameota mvi palepale, na ukiwauliza wanasubiri nini, wanasema wamesahau, lakini foleni ni foleni.

Siku ile kivuli cha mlingoti wetu kilikuwa kimeshaanza safari. Kilikuwa kivuli kidadisi. Kilikuwa kinasimama, kinatazama sisimizi, kinasogea tena. Lakini kilikuwa kinakwenda getini.

"Bibi," akaniita Semeni kutoka ndani. Huyu ni binti asiye na meno ya mbele, na maneno yake hupitia pale kwenye pengo yakiwa na upepo. "Tukifungiwa nje, tutakuwa na umri gani?"

Nilimpa uji. Mtu mzima akishindwa kujibu, anatoa chakula.

*

Mkubwa ni nani?

Hili nimekaa nalo kwenye kigoda hiki mpaka kigoda kimechukua umbo langu. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nafikiri polepole, kama mtu anayevuka mto huku ameinua gauni. Naona mkubwa mmoja ni yule anayejua njia, na watu wote wanatembea nyuma yake wakitazama kisogo chake. Wakifika, walichojifunza ni kisogo. Halafu naona mwingine anayesimama njia panda, anageuka, anawatazama usoni, anasema: jamani, ni wapi? Huyu watu wanamzomea. Huyu hawampi kofia. Lakini yeye peke yake ndiye aliyeziona nyuso zao.

Sasa huyo ni mkubwa, au amepotea tu?

Na kofia. Ni nani aliyevaa ya kwanza? Alijivisha mwenyewe? Au watu walikuwa na kofia imezidi, wakatafuta kichwa?

Uji unaungua. Ngoja nikoroge.

*

Mwombaji wa kwanza alikuwa Bwana Kivugo. Alipanda kilima na vyeti vyake vya kwenye fremu, amevibeba kichwani kama karai la zege. Alikuwa ameongoza shule nyingi hata majina ya shule hizo yamemtoka. Mwenyekiti wa kamati yetu, Mzee Shekigenda, mtu mrefu mwenye huruma, alimpokea kwa heshima zote. Bi Mwantumu, mjumbe mwenzetu, akampima kiuno kwa macho na kuchagua kaptula.

"Hiyo ya nini?" akauliza Bwana Kivugo, kisha akajijibu mwenyewe. "Aa, mradi wa ushonaji. Safi sana."

Akavuka.

Suti ilianguka chini kama hema lililokatwa kamba. Ndani ya hema kukasikika sauti ndogo. "Nataka nyumbani! Nataka sasa hivi! Nyote simameni!"

"Hata sasa anaamuru," Semeni akasema.

Watoto hawakucheka. Kwetu ni mwiko kumcheka mtu ndani ya darasa, uwe umekosea hesabu au umepungua kimo. Lakini mimi nilikuwa nje ya dirisha, na mwiko unaishia ukutani. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Halafu nikampitishia kaptula dirishani, maana hiyo ni kazi yangu. Mzee Shekigenda alijaribu siku moja kuipitisha yeye. Mkono wake ulipoingia ndani uligeuka wa mtoto wa kunyonya, ukaangusha tenga zima. Bi Mwantumu alipojaribu, mkono wake uligeuka wa msichana, ukaanza kucheza mchezo wa kupigana viganja na mkono wa Semeni na ukakataa kutoka. Tangu hapo wakaniachia mimi, na hakuna aliyejisumbua kufikiri zaidi.

Bwana Kivugo alitolewa, akavaa umri wake na suti yake, akateremka bila kuaga. Fremu zake alizisahau. Kuku wanatagia humo.

Kivuli kilikuwa kimeshapita katikati ya uwanja.

"Hakuna tena?" Mzee Shekigenda akasema. "Hakuna. Nani aje? Hakuna wa kuja."

Ndivyo alivyo mwenyekiti wetu. Akiuliza, anajijibu kabla hujafungua mdomo. Mtu mwema kabisa, lakini maswali yake yanazaliwa yamekufa.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "siku ya usaili haijaisha. Nenda kaketi."

Na hapo ndipo geti lilipolia.

*

Aliyeingia alikuwa mtu wa makamo, shati la mifuko minne, kofia yenye nembo, buti zilizojaa vumbi la barabara nyingi. Begani alikuwa na mkoba wa turubai, na ndani ya mkoba kitu kizito kilikuwa kinamgonga mbavuni kila hatua. Alisimama akatazama mlingoti, akatazama kivuli, akatazama geti. Kisha akaja moja kwa moja kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kivuli cha paa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Za utokako?"

"Njema. Naitwa Mkufya. Natoka Mji wa Mihuri. Hapa ndipo." Hakuuliza, alisema. "Mkuu hayupo. Kivuli kikigusa, nafunga."

Akafungua mkoba akanionyesha, si kwa ubaya, ni kama fundi anavyokuonyesha nyundo. Kufuli kubwa, jeusi, upinde wake umeachama. Lilikuwa zito, limenona, la kumtosha hata simba. Nililitazama vizuri. Nikamtazama na yeye. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kula amesimama.

Ndipo mdudu akaniingia kichwani. Huwa ananiingia. Nikajiuliza: hivi mtu aliyekuja kufunga, akipitishwa mlangoni kabla ya kufuli lake, atakuwa nani?

"Kivuli bado kina mwendo," nikamwambia. "Kunywa uji kwanza, mwanangu. Una pilipili manga."

Akanywa.

Lazima uelewe ustaarabu wetu. Sisi hatumwulizi mgeni shida yake kabla hajanywa kitu, ni aibu. Na siku ya usaili, yeyote aliyeingia getini na kunywa uji wa shule anahesabiwa mwombaji, ili asiwepo wa kusema alibaguliwa kwa sura au kwa viatu. Na mwombaji haruhusiwi kujieleza mpaka avuke kizingiti, kwa sababu ya wale wa zamani waliojieleza hadi jua likazama. Desturi zote tatu ni nzuri, tulizipigia kura. Hatukuwahi tu kuzipanga mstari mmoja tukaona zinaelekea wapi.

Mzee Shekigenda aliona kikombe mdomoni mwa mgeni. Akaja mbio, kanzu mkononi.

"Mwombaji! Bi Mwantumu, mwombaji! Mungu mkubwa!"

"Mimi sikuja—" akaanza Bwana Mkufya.

"Usiseme! Usiseme chochote, bwana, utajiharibia." Mwenyekiti akamziba mdomo kwa kiganja, kwa upole kabisa. "Baada ya kuvuka."

"Lakini mimi ni afisa wa—"

"Tunajua, tunajua. Wote huwa maafisa."

Bi Mwantumu alikuwa ameshachungulia mkoba. "Tazama, Mwenyekiti, huyu amekuja na zana za kufundishia! Yule Kivugo hakuleta hata chaki." Akamtazama kiuno. "Hm. Huyu sijui. Nilete ya miaka tisa, nilete ya sita?"

Bwana Mkufya akanigeukia mimi, macho yananiomba. Na mimi, Mungu anisamehe kama ana nafasi, nikajifanya napuliza moto.

Akajinyoosha. "Haidhuru. Lazima niingie hata hivyo. Kanuni inasema afisa akague ndani kabla ya kufunga, asije akafungia mtu." Akashika kofia yake vizuri, akakumbatia kufuli, akakanyaga kizingiti.

*

Nje ilikuwa alasiri. Ndani ilikuwa asubuhi. Ndani ni asubuhi siku zote, sijui jua lake linaingilia wapi, dirisha langu linatazama magharibi. Katika asubuhi ile alisimama mtoto wa miaka saba au pungufu. Kofia yenye nembo ilikuwa imemshukia hadi puani. Shati la mifuko minne lilikuwa joho. Kufuli alikuwa bado amelikumbatia, na sasa lilikuwa kubwa kama kichanga.

Nikapitisha kaptula dirishani. Akaivaa akiwa amewapa wenzake mgongo. Mtoto aliyelelewa vizuri.

"Kaa hapa," Semeni akamsogezea nafasi. "Unaitwa nani?"

"Mkufya."

"Unapenda nini?"

Akakaa kimya.

"Unaogopa nini?"

Kimya.

"Kwa nini husemi?"

Akasema, kwa sauti ya kukariri: "Mtoto haulizi. Mtoto anaulizwa. Na akiulizwa asijibu ovyo."

Darasa zima likashusha pumzi. Nami pale dirishani nikaona, kama unavyoona kokoto chini ya maji yaliyotulia, siku ile alipoacha kuuliza: mtoto ameshika upindo wa nguo ya mtu mkubwa, anauliza jambo, jambo dogo tu, pengine kuhusu mwezi, pengine kuhusu mauti, na mkono mkubwa unashuka. Sikuuona uso wa mwenye mkono. Mwenye mkono hana uso. Alikuwa na kofia tu. Na mtoto akaokota lile swali, akalikunja, akalimeza. Akakua juu yake. Akapewa buti. Akapewa kufuli la kwanza, akaenda. Akapewa jingine, akaenda. Barabara zote zile, kifuani ana kipande cha mwezi, na hajui kwa nini chakula hakishuki vizuri.

Je, ni yeye aliyekuwa anafunga? Au ni lile shati?

Na kama ni shati lililofunga, ndani yake yumo nani?

Kivuli cha mlingoti kilikuwa kimebakiza hatua za kuku kufika getini.

"Basi," Mzee Shekigenda akasema nyuma yangu. Alikuwa ameketi chini, kanzu kwenye vumbi. "Wa pili naye amekuwa kitoto. Kivuli kikigusa watakuja." Bado hakuwa amejua kwamba wameshakuja. "Bibi Mashavu, nilifundishwa kusoma humu. Mama yangu naye alisoma humu. Tutakwenda kusimama bondeni na wale."

Bi Mwantumu alikuwa analia kwenye kaptula ya miaka tisa.

Mimi nikainuka. Magoti yalilia, yakaniuliza ninakwenda wapi. Nikazunguka ukuta mpaka mlangoni. Watu wote huniuliza, "Bibi Mashavu, mbona wewe huingii?" na mimi hujibu, "Magoti." Ni jibu zuri, limenitunza miaka mingi. Lakini wewe uliyefika nami hapa nitakuambia, ukinihakikishia utanyamaza. Mkono wangu hupita dirishani kila siku na vikombe. Unaingia na mishipa yake na mabaka yake, unatoka na mishipa yake na mabaka yake. Haujawahi kupungua hata ukucha. Nikiingia mimi, nitaingia nilivyo. Na nikiingia nilivyo wataniona, na wakiniona watanikabidhi kengele.

Sasa jaribu kufikiri. Mimi na kengele! Watoto waanze kusimama nikipita. Semeni aanze kuniita Mheshimiwa. Nani atanichokoza? Nani ataniibia sukari? Anayeuliza mbele ya watu hupewa kiti, na kiti kina kazi ya kukukalisha. Mimi nauliza kwa siri, kama wanawake wengine wanavyovuta ugoro, na utamu wake uko hapohapo.

Lakini shule ni shule. Nikatazama kivuli: kimeshika jiwe la mwisho kabla ya geti. Nikasema, haya, mwanamke, uhuru wako umekula wa kutosha. Nikainua mguu wa kulia juu ya kizingiti.

*

Tka.

Mguu ukiwa hewani, nikatazama ndani.

Yule mtoto alikuwa ameichukua kengele pale kwenye ukingo wa dirisha. Unajua watoto na vitu vyenye matundu. Ndani ya kengele, juu kabisa, kuna kipete ambacho zamani kilining'iniza ulimi. Mtoto alikuwa ameuingiza upinde wa kufuli katika kipete kile, akasukuma ili aone itakuwaje. Likafunga. Akavuta. Likakataa. Akavuta kwa meno. Semeni akavuta kwa pengo. Likakataa.

Mtoto Mkufya akaitazama kengele, akatazama mikono yake, akatazama mkoba wake, akaupekua mpaka pembe za mshono. Paji la uso likafanya mkunjo. Niliujua ule mkunjo. Akafungua mdomo, akautazama mlango kwanza kama kuna mkono unakuja, nami niliyesimama pale na mguu juu nikamtikisia kichwa: hapana, hakuna mtu.

"Ufunguo uko wapi?" akauliza.

Nikaurudisha mguu wangu nje.

Kaptula ikalia kwenye mishono. Mtoto akawa wa miaka kumi, kumi na mbili. Mwili ulikuwa haukimbii. Ulikuwa unamfuata swali kwa swali, kama punda anayefuata kibuyu.

"Walionipa kufuli, mbona hawajawahi kunipa ufunguo?" Sauti ikapasuka katikati, ikashuka. Masharubu.

"Pengine wameuweka," Semeni akasema.

"Wameuweka wapi? Nimefunga..." Akayaona yote, shule baada ya shule. "Zile zote, nani ana funguo zake?" Mabega yakajaa shati. "Na kama hakuna aliye nazo, kama hazikutengenezwa kabisa, tulikuwa tunamfungia nani? Tulitaka akae nje ya nini?" Mvi zikamtokea moja moja, kama wageni wanaofika harusini. "Na mimi kwa nini sikuuliza?"

Hapo akafika. Mtu mzima, wa makamo, yuleyule aliyeingia getini, amesimama katika asubuhi ya darasa letu akiwa na kofia ya Mji wa Mihuri kichwani na kaptula ya mtoto wa miaka sita mahali ambapo kaptula ilikuwa imejitahidi kadiri ya uwezo wake. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nje; nilicheka kwa niaba ya wote.

"Amebaki alivyo!" Mzee Shekigenda akapiga kelele. "Bi Mwantumu, ona! Yumo ndani na amebaki alivyo!"

Kivuli cha mlingoti kikagusa geti. Geti likanyamaza. Hata ile Jumatano juu ya paa iliinua kichwa.

Bwana Mkufya akatazama nje, akaona kivuli, akakumbuka kazi yake. Akashika kengele kwa mikono miwili. Kufuli lilikuwa ndani yake, limefunga mdomo, na halikuwa na mpango wa kuufungua tena. Akalitikisa alitoe.

Kengele ikalia.

Si sauti nzuri, sitakudanganya. Inalia kama mtu anayegombana na sufuria. Lakini ililia, mara ya kwanza bila mwiko tangu sijui lini, na huko bondeni niliona wale waliosimama kwenye foleni, mmoja mmoja, wakigeuza shingo.

"Mimi ni afisa," Bwana Mkufya akasema polepole. "Lazima niandike taarifa. Nitaandika nini?"

Semeni akafikiri. "Andika kwamba kufuli limetumika."

*

Jumatano ikaondoka usiku ule, imeshiba. Sijui alipeleka taarifa ile au aliifungia maandazi. Asubuhi nilifika na sufuria yangu, nikakaa kwenye kigoda, nikapanga vikombe. Mwalimu Mkuu Mkufya alikuwa uwanjani, suruali ya kuazima kwa Mzee Shekigenda imekunjwa mara kadhaa miguuni, anagombanisha kengele na kufuli mpaka watoto wote wakajipanga.

Jana yake, kabla ya kwenda kulala, alinijia dirishani. "Bibi, ulijua mimi ni nani uliponipa uji."

"Nilijua una njaa."

Akacheka kidogo, akaendelea kunitazama. Sikuipenda ile sura. Ilikuwa na mkunjo.

Sasa akasimama mbele ya mstari. Watoto wakatulia. Ndiyo saa ya mkuu kusema asilolijua. Nilidhani atauliza ya funguo. Nilidhani atauliza ya mwezi. Nikakaza masikio, uji umesimama hewani kwenye mwiko, maana hakuna ninachokipenda duniani kuliko swali jipya la asubuhi, likiwa bado na mvuke.

"Jana," akasema, "nilipokuwa mtoto, niliona mguu. Mguu wa mtu mzima, umeingia robo juu ya kizingiti, kandambili na vidole na mabaka yake, na haukuwa umebadilika. Kisha ukarudi nje. Mimi sijui ule mguu ulikuwa unakwenda wapi. Na sijui kwa nini mwenye nao huwa haingii."

Watoto wote wakageuka, mstari mzima kwa pamoja, wakatazama dirisha. Semeni mbele yao, pengo lake limefunguka kwa furaha.

Nikainama chini ya ukingo, nikajifanya natafuta kandambili yangu iliyopotea.

Ilikuwa mguuni.